Kwa nini nafunga madirisha jua likiwaka

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Ahero. Sisi wazima, mpunga umeanza kutoa masuke. Juzi mlipokuja uliniuliza kwa nini nakimbilia kufunga milango na madirisha saa 9 alasiri, jua linawaka na wajukuu wanalia joto. Nikakujibu ni mazoea tu. Sikukwambia kweli, na tangu mwondoke limenikaa rohoni.

Ulikuwa na miaka minne. Ilikuwa mwezi wa 4, baba yako yuko Kisumu. Mchana kutwa upepo wa ziwani ulivuma kama kawaida yake, ule unaotupoza. Mara ukakatika. Hata mafunjo ya ukingoni mwa mto yakasimama tuli. Nilikuwa naanua nguo, nikaona yangeyange wameruka wote kutoka kwenye mpunga, na upande wa milima ya Nandi kumekuwa kweusi kama masizi.

Dhoruba za kwetu hupikwa kule juu. Upepo wa ziwani hupanda, ukakutana na ule wa mashariki, mawingu yakarundikana juu ya Nandi na Kericho. Mvua ikianza kuteremka, hushuka na hewa baridi. Hewa hiyo ikigonga chini hutawanyika kwa kasi, na uwanda huu wa Kano hauna kilima cha kuizuia. Sisi wa kando ya mto Nyando ndio tunaopigwa hasa, maana ng'ambo ni mpunga mtupu. Usifikirie kalausi, ile ya vumbi inayozunguka kidogo ikapotea. Huu ulikuja kama ukuta.

Nikawaingiza ndani wewe na kaka yako, nikafunga mlango, nikapiga makomeo ya madirisha. Mvua ya mawe ikaangukia mabati hata sauti yangu siisikii. Katikati ya kelele ile nikamsikia ndama. Nilikuwa nimemfunga ukingoni, nikamsahau.

Nikafungua mlango, mwanangu. Mlango wa mtoni, kule kule upepo ulikokuwa unatokea.

Hata kizingiti sikuvuka. Upepo uliingia, masikio yakaziba, paa lote likainuka, mbao na mabati pamoja, kama mtu aliyefunua sufuria. Niligeuka nikawakuta chini ya meza, kaka yako amekukumbatia kichwa. Hakuna aliyewaambia mwende pale. Nikajisukuma na mimi, mgongo ukabaki nje, na kipande cha mbao kikaniangukia begani. Lile kovu ulilokuwa ukiliuliza, nikasema ni la jiko, ndilo hilo.

Ndama alikata kamba, akapona.

Kesho yake baba yako na fundi walilifuata paa, wakalikuta limekwama kwenye mkuyu pale mto unapokata kona. Fundi ndiye aliyenieleza: upepo ukipita juu ya paa hulivuta kwenda juu, na ukipata pa kuingilia hulisukuma kutoka chini. Akatuonyesha juu ya ukuta. Mbao zilikuwa zimekaa tu pale, hazikufungwa na chochote. Baba yako alijilaumu miaka mingi kwa sababu ya zile mbao, maana yeye ndiye aliyesimamia ujenzi. Mlango hakuuliza, nami sikumwambia hadi tukamzika. Hilo ndilo linaloniamsha usiku, kuliko hata ule upepo wenyewe.

Sasa nasikia na wewe unajenga, na fundi wako anataka mwongeze pesa mnunue mabati mazito ya geji 28. Ukiweza nunua. Lakini kabla ya bati la kwanza kupanda, simama hapo hapo afunge kila boriti kwenye ukuta kwa mkanda wa chuma au waya mnene uliozamishwa ndani ya ukuta wenyewe. Usimwachie akufanyie ukiwa kazini. Na mlango mkubwa usielekee Nandi.

Akikubishia kwamba mabati yenyewe ndiyo ya muhimu, mlete kwangu. Bati ninalofunikia banda la kuku ni la paa lile. Mlishushe mlitazame pamoja: matundu ya misumari ni ya mviringo hadi leo, hakuna hata moja lililoraruka.

Mama yako