Shoo za bendi kongwe za roki: usiikose bendi ya kwanza

Wadau, kiangazi kikikaribia tu maswali yanayonijia ni yaleyale, eti Def Leppard wanakuja na Journey, ninunue tiketi au nisubiri kila bendi ije kivyake? Jibu langu halijabadilika: nunua, na ufike mapema, yani uwe umeshakaa kabla bendi ya kwanza haijapanda. Kwenye hizi shoo za bendi mbili tatu watu wengi wanaenda kwa ajili ya moja tu wanayoijua, wanabaki kwenye paking wanapiga stori na kuchoma nyama, wanaingia jua limeshazama, na hapo nusu ya walicholipia imeshapita. Inaniuma sana kuona viti vitupu wakati watu waliofanya hii kazi miaka hamsini wako jukwaani wanaimba.

Mimi naishi St. Louis, hapa Marekani, na huu mji kwa roki za namna hii ni kwao kabisa. Mwaka 2000 Styx na REO Speedwagon walirekodi shoo yao ya pamoja hapahapa, kwenye ule ukumbi wa wazi wa Maryland Heights, mwishoni bendi zote mbili zikapanda jukwaani wakapiga pamoja. Na Julai 2024 ziara ya Def Leppard na Journey ilianzia kwenye uwanja wetu wa besiboli, Busch Stadium.

Kwanini wanatembea pamoja? Hela na umri. Journey walianza San Francisco mwaka 1973, Def Leppard wakaanza Sheffield kule Uingereza mwaka 1977, hizo ni rika za kuitwa babu. Kujaza uwanja mzima wa mpira peke yako, usiku baada ya usiku, ni kazi ngumu kwa bendi nyingi za umri huo, ila mkiungana jukwaa ni moja, spika ni zilezile, taa zilezile, maroli yanapungua, na mashabiki wa huku na wa kule wanakuja siku moja. Afu kuna koo. Zile nyimbo waliziimba wakiwa vijana, sauti ya juu kabisa, sasa mtu wa miaka sabini umwambie aimbe masaa mawili na nusu kila usiku? Saa moja na kitu anaiweza vizuri tu. Na hapo ndo mtazamaji anapofaidika, maana mda ukiwa mfupi wanakata zote za kujazia, unapigiwa hiti juu ya hiti mpaka unajiuliza kumbe na huu ni wa kwao!

Sisi tumezoea Msondo na Sikinde wakikutana jukwaa moja unaitwa mpambano, mashabiki wanatambiana wiki nzima. Huku hawapambani, wamekubaliana, na kwa Def Leppard na Journey mwaka 2018 hata nani afunge shoo ilikua inategemea mji, leo huyu kesho yule. Kwahiyo unaweza kuja umechelewa ukijua bendi yako ni ya mwisho kumbe kwenye mji wako ndo imetangulia. Angalia ratiba ya MJI WAKO, sio ya jirani. Mwaka 2024 hata bendi ya kufungua ilikua inabadilika kulingana na mji, kuna waliopata Steve Miller Band, kuna waliopata Cheap Trick.

Na kwa anaedharau wafunguzi nitamkumbusha huyu mtoto wa Zanzibar, Freddie Mercury. Mwaka 1973 bendi yake ya Queen walizunguka Uingereza wakiifungulia bendi ya Mott the Hoople, na 1974 wakaja nao huku Marekani, mpaka mpiga gitaa wao Brian May alipougua homa ya ini ikabidi waiache ziara njiani. Fikiria waliokua nje wanamalizia bia wakati Freddie yuko jukwaani!

Jambo lingine, kabla hujalipa jua nani hasa anapanda. Jina la bendi ni lilelile ila watu wamebadilika. Styx wameshaachana na mwimbaji wao Dennis DeYoung tangu 1999, nafasi yake yuko Lawrence Gowan. Journey anaimba Arnel Pineda, Mfilipino ambae mpiga gitaa wao Neal Schon alimuona YouTube mwaka 2007 akamtafuta. Foreigner, mpiga gitaa na mwanzilishi wao Mick Jones hazunguki nao tena, ana ugonjwa wa Parkinson, alilisema mwenyewe mwaka 2024. Kuna wanaosusa, wanasema kama sio yule wa zamani siendi. Siwaungi mkono kabisa. Pineda anaimba kwa moyo wote, mtu unasisimka, na Gowan anapiga kinanda huku anakizungusha, anageuka nacho, yani raha tupu. Ila ni haki yako kujua mapema ili usije ukanuna uwanjani.

Na mipango inavunjika pia, uwe tayari. Ile ziara ya Def Leppard, Mötley Crüe, Poison na Joan Jett ilipangwa 2020, korona ikaisogeza mpaka 2022, waliotunza tiketi zao wakaja kuona. Ilivyoanza Atlanta mpiga dramu wa Mötley Crüe, Tommy Lee, alikua amevunjika mbavu, anapiga nyimbo chache afu mwingine anamshikia dramu. Ilipoisha msimu ule mpiga gitaa wao Mick Mars akatangaza hatembei tena na bendi. REO Speedwagon nao Septemba 2024 wakasema mwisho wa mwaka ndo mwisho wao wa ziara, mwimbaji Kevin Cronin na mpiga besi Bruce Hall hawakuelewana. Kwahiyo usiseme nitawaona mwakani.

Kuhusu kiti, kwenye uwanja wa besiboli usikimbilie za juu kabisa eti kwa sababu bei yake ni ndogo. Ukikaa mita mia kutoka kwenye spika sauti inakufikia imechelewa karibu theluthi moja ya sekunde, unaona mkono unapiga kwenye skrini sauti inakuja baadae, afu inagonga zege la upande wa pili inarudi tena. Tafuta karibu na pale mafundi sauti walipokaa na mashine zao, hapo ndo wanaposikilizia wao. Kwenye kumbi za wazi majani ya nyuma ni bei nafuu na unatandika khanga yako vizuri tu. Na ukiwaona Def Leppard mwangalie mpiga dramu wao Rick Allen miguuni pale skrini inapomsogelea, alipoteza mkono wa kushoto kwenye ajali ya gari tarehe 31 Desemba 1984, kazi ya mkono ule anaifanya kwa pedali. Mimi kila nikimuona machozi yananilenga.

Tiketi, tangu Mei 2025 sheria ya hapa inataka bei unayoiona mwanzo iwe na ada zote ndani, kwahiyo ukikuta sehemu inakuongezea ada za lazima mwishoni ondoka. Zinazouzwa mkono wa pili mara nyingi zinashuka siku yenyewe, kama huna haraka subiri mpaka mchana. Begi liwe la plastiki la kuonekana ndani, viwanja vingi hawapokei jingine.

Vizibo vya masikio beba, hizi shoo zinafika desibeli 100 na kupita, na watoto wavishe zile hedifoni kubwa za kuzuia sauti tangu wimbo wa kwanza. Kwa Busch Stadium usihangaike na paking, treni ya MetroLink ina kituo palepale nje ya uwanja, na ukitaka kuwahi bendi ya kwanza panda kabla ya saa kumi na moja jioni.