Daftari langu la vifaranga waliokufa

Juzi dada mmoja kaniandikia: "Nilileta vifaranga 100, wamebaki 37. Nirudie au niachane nao?" Nikacheka, halafu nikanyamaza. Dada yangu, mimi nimeshazika kiroba kizima.

Nilianza na kuku wa nyama 150 hapa Iringa, mwezi wa Juni. Anayeijua baridi ya Iringa ya Juni ameshaelewa. Nikaweka jiko la mkaa katikati ya bruda, yaani sehemu ya kulelea vifaranga kwa joto, nikaenda kulala. Asubuhi nikaokota 40. Nikasema muuzaji kanipa vifaranga dhaifu. Awamu ya pili nikahamia kwa muuzaji mwingine, wakafa 52. Nikasema chakula. Awamu ya tatu nikabadilisha chakula na dawa kwa pamoja, wakafa vilevile. Shemeji yangu, ambaye hajawahi kufuga hata njiwa, akaniita mbele ya wageni "mfugaji wa mizoga". Mpaka leo salamu yake naipokea nusu.

Usiku ule nikachukua daftari la hesabu la mwanangu, nikaanza kuandika: wamekufa wangapi, saa ngapi, upande gani wa banda. Siku ya nne nikalisoma. Karibu wote alfajiri, kona moja, waliolaliwa na wenzao. Hawakuwa wagonjwa! Mkaa ulikuwa unazima usiku wa manane, baridi inaingia, wanapandiana kutafuta joto. Wiki ya kwanza kifaranga anataka nyuzi 32 hadi 35, kisha unashusha kama nyuzi 3 kila wiki. Hayo nilifundishwa kwenye semina. Nilipiga makofi, nikanywa soda.

Nikazungushia maboksi pasiwe na kona, nikaacha upenyo juu wa kutoa moshi, nikategesha kengele ya simu saa nane usiku niongeze mkaa. Wakirundikana, ni baridi. Wakilikimbia jiko na kuhema midomo wazi, umezidisha. Awamu ya nne walikufa 6 tu. Sita! Shemeji alikuja kununua, nikamuuzia bei ya sokoni.

Jamani, tuache kulaumu wauzaji kabla hatujajichunguza. Andika siku hiyohiyo, usingoje kesho. Badilisha kitu kimoja kwa awamu, si vitatu. Na ukishaandika, soma. Narudia: soma ulichoandika.

Yule dada nimemwambia arudie, ila aanze na 50. Nimemuuliza pia hao 63 aliwakuta kona gani ya banda. Hajajibu bado.