Re: Binti yangu ni mhudumu wa ndege, mafua hayamwishi. Ni hewa ya ndege?

Shikamoo mama. Umesema binti ana miezi 8 kazini, mafua yameshamlaza mara tano, na hapo nyumbani Moshi wote mnailaumu hewa ya ndege. Kazi hiyo nimeifanya miaka 9 kabla sijahamia kwenye kuku huku Usa River, kwa hiyo niruhusu nibishe kidogo.

Hewa inasingiziwa. Kwenye ndege kubwa hubadilishwa mara 20 hadi 30 kwa saa, na inayorudishwa ndani hupita kwenye vichujio vikali. Ubaya wake ni ukavu tu: unyevu hushuka chini ya asilimia 20, pua inakauka mpaka inachanika. Hatari kubwa ni yule abiria anayekukoholea usoni ukimpokea trei.

Mimi kilichonimaliza ni usingizi. Nilipanga chumba Njiro, Arusha. Gari linanipitia saa nane usiku, karibu saa nzima mpaka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA), Julai baridi ile unaijua. Narudi mchana, badala ya kulala nafua, napika, naenda kikao cha harusi (Arusha vikao haviishi!). Mwaka 2015 watafiti Marekani walichapisha matokeo ya watu 164 waliotiwa virusi vya mafua puani kwa makusudi: waliokuwa wakilala chini ya saa 6 waliugua zaidi ya mara 4 kuliko waliozidisha saa 7. Mimi saa 6 nilikuwa nazipata siku za mapumziko.

Halafu kuna kosa letu sote, kwenda kazini na mafua kwa kuogopa kukosa posho ya safari. Siku moja nilimeza dawa ya kuzibua pua nikapanda. Kwenda salama. Tulipoanza kuteremka kuelekea KIA, sikio la kushoto likawa kama linachokonolewa na msumari. Bibi mmoja akaniomba maji. Naona midomo inacheza, sauti hakuna. Daktari akachungulia akasema kiwambo kimevilia damu. Wiki tatu sikuruka, na posho niliyoikimbilia ikaishia kwenye matibabu. Pua ikiziba, presha ya hewa ndani ya ndege inapopanda wakati wa kutua hewa haipiti kwenda sikioni. Mwambie atoe taarifa mapema abadilishiwe zamu, hata msimamizi akinuna.

Antibayotiki za duka la dawa azisahau, virusi havizisikii. Piriton nayo inasinzisha, asiimeze akiwa na safari.

Ila homa ikipanda asiseme "ni mafua yangu yale yale". Mimi nilisema hivyo baada ya kulala Dar siku tatu, nikajifukiza na kunywa tangawizi wiki nzima. Jirani ndiye aliyeniburuza zahanati. Kipimo cha malaria kikatoa mistari miwili.