Friji inagonga "tak" kisha inanyamaza

Dada yangu wa Shela, umeuliza kuhusu friji yako inayogonga "tak" na kutoa mlio kama maji yanachuruzika. Huo mlio wa maji usikutie hofu, ni gesi inapita kwenye mirija. Hiyo "tak" ya kila dakika chache, na samaki wako wanalainika, ndiyo ya kushughulikia: kompresa (mashine inayosukuma gesi) inajaribu kuwaka, inashindwa. Hutokea sana jioni umeme ukipungua, taa zikififia. Ichomoe, ngoja dakika 10, uirudishe umeme ukitulia. Ikiwa bado imechomolewa, sugua wavu wa nyuma kwa brashi kavu. Vumbi na chumvi ya bahari hushikana pale (wangu ulikuwa kama juya la mvuvi). Iache mbali kidogo na ukuta. Ikigonga hata umeme ukiwa mzima, huenda ni rilei (kifaa kidogo cha kuwashia kompresa) au kompresa yenyewe. Mwite fundi, na asikuambie "tujaze gesi" kabla hajapima.