Kagoma kikombe? Anza na chupa ya mchana, ya usiku iache mwisho

Dada, umesema mwanao ana mwaka na miezi miwili, kikombe anakirusha na usiku halali bila chupa mdomoni. Wa kwangu alikuwa hivyohivyo.

Vile vikombe vya plastiki vyenye mdomo na kizibo kisichomwaga, achana navyo. Mtoto anavinyonya tu. Ni chupa nyingine, tena ya bei. Mimi nilitumia kikombe cha kahawa, vile vidogo visivyo na mkono. Akimwaga, kamwaga mafunda mawili.

Kazi iko kwenye kunywesha. Mkalishe wima, usimlaze mkononi. Kishike wewe, mikono yake iwe juu ya yako. Ukingo ukae kwenye mdomo wa chini, inamisha mpaka maziwa yaguse tu, hapohapo simama. Avute mwenyewe. Ukimmiminia atapaliwa, na akishapaliwa, kesho akikiona kikombe anafumba mdomo na kugeuza shingo.

Tuliondoa chupa ya mchana kwanza, maana mchana ana michezo yake, hana habari nayo. Ikafuata ya asubuhi. Ya usiku ndiyo kasheshe. Maziwa alikunywa kwa kikombe wakati wa chakula cha jioni, kisha mswaki. Akililia chupa kitandani, anapewa yenye maji matupu. Alinuna, akaivumilia, mwisho akaichoka. Maziwa yakishinda mdomoni usiku kucha, yale meno ya mbele ya juu ndiyo huanza kuoza.

Usiogope akinywa pungufu. Akishapita mwaka, maziwa kama nusu lita kwa siku yanamtosha. Anayejaza tumbo maziwa hali chakula, na maziwa ya ng'ombe yana madini ya chuma kidogo sana, ndiyo unasikia mtoto mnene kaambiwa damu imepungua.

Najua kuna watakaokwambia mwache, ataacha mwenyewe. Mimi nisingengoja. Kliniki wanatuambia kikombe kianze akifika miezi 6, tena kikombe unakisugua kwa sabuni kikatakata. Ile chuchu ya chupa hushika utando wa maziwa ndani usikoona.

Halafu zungumza na wanaobaki naye. Bibi yake akisikia mjukuu analia alikuwa anatoa chupa kimyakimya, ikabidi nizifungie kabatini na ufunguo niende nao kazini. Wa kwako mchana anashinda na nani?