Noti za Mapinduzi ya Marekani: Kagua Karatasi Kwanza

Wengi wanaoniuliza namna ya kuanza kukusanya noti za enzi za Mapinduzi ya Marekani hudhani kwamba kitu chenye umri wa takriban miaka 250 hakiwezi kuwa cha mtu wa kawaida. Ukweli ni kwamba Bunge la Continental, yaani bunge la pamoja la makoloni yaliyoasi, lilitoa dola zipatazo milioni 240 za karatasi kuanzia mwaka 1775 ili kugharimia vita dhidi ya Uingereza, huku likiwa halina mamlaka ya kutoza kodi, na thamani yake ikaporomoka hadi Machi 1780, Bunge lenyewe lilipokubali kuzihesabu dola 40 za karatasi kuwa sawa na dola moja ya sarafu ya fedha. Nyingi zimesalia, na zile zilizochakaa kiasi ndizo ninazomshauri mgeni aanze nazo.

Kabla ya kuvutiwa na picha, kagua karatasi. Hall na Sellers, wapiga chapa wa Philadelphia, walitumia karatasi nene ya matambara iliyochanganywa na nyuzi za buluu na chembe za ulanga (madini yanayong'aa), kwa hiyo ukiigeuzageuza noti halisi chini ya taa utaziona chembe hizo zikimetameta. Namba na saini ziliandikwa kwa mkono, na wino umenywewa na karatasi, hapa umekolea, pale umefifia kalamu ilipokaukiwa. Nakala wanazouziwa watalii huwa kwenye karatasi ya manjano yenye kukwaruza, nazo mara nyingi hurudia namba ileile na saini zilezile.

Upande wa nyuma usiupuuze. Benjamin Franklin ndiye aliyebuni njia ya kupiga chapa ya jani halisi la mmea, ambalo mishipa yake ilimsumbua mghushi yeyote, na majani hayo yamo katika noti nyingi za Continental. Muuzaji anayenionyesha picha ya mbele tu hanipati. Hata hivyo ughushi haukukoma: matoleo ya tarehe 20 Mei 1777 na 11 Aprili 1778 yalighushiwa sana hata Bunge likaamua kuyaondoa kwenye mzunguko mwaka 1779. Bandia za wakati ule nazo zina wakusanyaji wake, na mimi ni mmoja wao.

Jina nalo hupandisha bei. Noti ya koloni la New Jersey ya Machi 1776 yenye saini ya John Hart, aliyetia saini Azimio la Uhuru, hugharimu zaidi ya nyingine za toleo hilo.

Ukikuta noti iliyoshonwa kwa uzi, usiufumue. Watumiaji wa zamani walishona noti zilizochanika ili ziendelee kutumika, na mshono huo ni sehemu ya historia yake. Usiibandike selotepu wala kuifanyia laminesheni. Ihifadhi katika mfuko wa poliesta, mbali na jua, kwa sababu mifuko ya plastiki laini ya PVC huharibu karatasi.