Figo baada ya ICU: kreatinini ya siku ya kuruhusiwa haitoshi

Mgonjwa alilazwa ICU kwa malaria kali au kifafa cha mimba, figo zikagoma, akasafishwa damu, kisha mkojo ukarudi. Siku ya kuruhusiwa, kreatinini, yaani taka ya damuni inayopimwa kujua figo zinavyochuja, inasoma mikromoli 85 kwa lita, kiwango cha kawaida. Familia inashusha pumzi, na wengi hawarudi kliniki tena.

Namba hiyo inaweza kudanganya. Kreatinini hutoka kwenye misuli, na aliyelala kitandani wiki tatu hadi mapaja yakakonda huitengeneza kidogo tu. Inaonekana nzuri hata kama figo bado hazichuji sawasawa. Akianza kula na kutembea, misuli ikirudi, namba nayo hupanda. Mwongozo wa mwaka 2012 wa KDIGO, shirika la kimataifa la miongozo ya magonjwa ya figo, unaelekeza mgonjwa akaguliwe miezi 3 baada ya figo kuumia. Aliyesafishwa damu tunamshauri aanze mapema zaidi, ndani ya wiki mbili.

Omba kreatinini ya damu pamoja na kipimo cha albumini, protini ya damu, kwenye mkojo. Hiki cha pili husahaulika mno, nacho hufichua jeraha ambalo damu haijalionyesha. Peleka mkojo wa kwanza wa asubuhi. Albumini ikizidi miligramu 30 kwa kila gramu ya kreatinini ya mkojo, rudia kipimo, maana homa na UTI huipandisha. Uchujaji wa figo (eGFR, unaokokotolewa kutokana na kreatinini ya damu) ukibaki chini ya mililita 60 kwa dakika kwa zaidi ya miezi 3, huo ni ugonjwa sugu wa figo. Maabara yenye kipimo cha sistatini C, protini ya damuni isiyotegemea sana misuli, inasaidia sana kwa mgonjwa aliyekonda.

Dawa za maumivu za diklofenaki na ibuprofeni aziepuke kabisa. Hubana mshipa unaoingiza damu kwenye chujio la figo. Akiwa pia anatumia losartani (dawa ya presha) na furosemaidi (dawa ya kuongeza mkojo), kuharisha siku mbili kunatosha kuziangusha figo tena. Kwa maumivu ya kawaida atumie parasetamoli kwa kipimo chake. Akitapika au kuharisha, ampigie daktari siku hiyohiyo: asitishe dawa gani, na azirudishe lini?

Presha tunapenda ibaki chini ya 130/80. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo kwenye viungo vya mchuzi. Kujilazimisha maji lita nne au tano hakuponyi figo.

Kabla ya kutoka wodini, hakikisheni karatasi ya kuruhusiwa imeandikwa kwamba figo ziliumia, kreatinini ilipanda hadi ngapi na imeshuka hadi ngapi. Ipigeni picha kwa simu, muionyeshe kila duka la dawa na kila zahanati.